Mtoto Maarufu Zaidi wa Turkana Anaishi Nairobi

Wasee, leo tuanze na mtoto mmoja.

Ana miaka minane au tisa hivi, ingawa wataalamu bado wanabishana. Ni mrefu, karibu sentimita 160, yaani darasani angekaa nyuma kabisa. Alikufa karibu na maji, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Agosti 1984 Kamoya Kimeu, Mkamba aliyekuwa na macho makali kuliko profesa yeyote, alitoka kutembea tu siku ya mapumziko kando ya lagga ya Nariokotome. Akaona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti, rangi yake sawa na ya mawe yaliyokuwa pale. Wakachimba. Wakapata mifupa zaidi ya mia moja ya mtoto mmoja. Hakuna mtu wa kale kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupatikana akiwa kamili hivyo.

Mnamjua. Ni Turkana Boy. Mmemchora kwenye daftari la historia kidato cha kwanza, na kama shule yenu ilikuwa na basi, mmempiga picha pale Museum Hill.

Mimi nimezaliwa Lodwar. Nilimwona nikiwa na miaka 19, mwezi wangu wa pili chuoni Nairobi. Nilisimama pale mbele ya kioo nikiwa na aibu fulani ambayo sikuweza kuieleza, kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu yake na wageni.

Lakini stori hii haikuanza na mimi. Imeanza Agosti iliyopita. Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Ekai, alikuja Nairobi likizo, mara yake ya kwanza. Ana miaka tisa. Nikampeleka. Akasoma ile nambari polepole, KNM-WT 15000. Nikamwambia KNM ni makumbusho ya Kenya, na WT ni West Turkana, yaani kwetu, yaani huko unakotoka. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kwa sauti ile ya watoto isiyojua kunong'ona: "Kwani wazazi wake walihamia Nairobi?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Usiku sikulala vizuri.

Kwa sababu hebu fikirieni. Kaunti ya Turkana ilikuwa na watu 926,976 kwenye sensa ya 2019, na sehemu kubwa ni watoto. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni karibu kilomita mia saba. Mtoto wa Kibish, kule mpakani na Ethiopia, hata kufika Lodwar kwenyewe ni safari ya kuombewa. Kwa hiyo watoto wanaotembea juu ya ile ardhi kila siku wakifuata mbuzi ndio watoto wa mwisho nchini kuona kilichotoka ndani yake. Watoto wa Westlands wanamwona kwa safari ya nusu saa, na jam ikiwemo.

Sasa, kuna mbogi ya vijana wa kwetu, mimi nikiwa mmoja wao, ambao kwa mwaka mzima tumekuwa tukipiga domo kwenye WhatsApp kuhusu kitu kimoja: makumbusho ya watoto, huko kwetu. Na kama kila kikundi cha WhatsApp, tumegawanyika. Wengine wanataka jengo. Mimi nilitaka jengo pia, sidanganyi. Nilishachora hata lango. Ila nimekaa nikasoma historia ya hivi vitu, na nimebadilisha mawazo. Acha niwaonyeshe kwa nini, na mkiona nimepotea mniambie.

Makumbusho ya Kenya hayakuanzishwa kwa ajili ya watoto, na kwa kweli hayakuanzishwa kwa ajili yetu kabisa. Mwaka 1909 walowezi na maofisa waliopenda ndege, vipepeo na mawe waliunda chama cha historia ya viumbe. Mwaka 1910 wakafungua chumba cha kuhifadhi vitu vyao pale ambapo leo pamesimama Nyayo House. Vitu vikajaa, wakahama, na Septemba 1930 wakafungua jengo la Museum Hill, wakalipa jina la gavana aliyekuwa amefariki, Robert Coryndon. Ni Louis Leakey, alipopewa kuliongoza miaka ya 1940, aliyefungua milango kwa watu wa rangi zote. Baada ya uhuru ndipo likawa makumbusho ya taifa.

Nje ya Nairobi, njia ilikuwa ile ile. Kitale mlowezi mmoja mwanajeshi, Hugh Stoneham, alikuwa amekusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote. Jumba lake lilianza 1926, na alipokufa mkusanyiko ukabaki kwa taifa. Desemba 1974 likafunguliwa kama makumbusho ya Magharibi mwa Kenya. Kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na sisi, na "karibu" hapa ni kilomita karibu mia tatu za barabara ambayo zamani madereva waliiogopa kwa mashimo na kwa risasi. Kapenguria ikapata yake kwenye lile gereza la Kenyatta na wenzake. Juni 2008 ikaja Loiyangalani, jengo zuri sana, limekaa juu ya kilima linatazama ziwa. Shida moja tu: liko upande ule mwingine wa ziwa. Ukiwa Kalokol unaweza kutazama upande lilipo, lakini ukitaka kuingia utafute mashua au uzunguke nusu ya kaskazini ya Kenya.

Mmeona mtindo? Mtu ana vitu, anajenga nyumba ya vitu, halafu watu wanaambiwa waje. Mtoto ni mgeni pale. Anapangwa mstari, anaambiwa asiguse, asikimbie, asiongee. Hata neno lenyewe linamtoa nje: makumbusho ni mahali pa kukumbushwa. Mtoto wa miaka tisa utamkumbusha nini? Yeye hajasahau kitu. Yeye hajaanza kujua.

Watu wa kwanza kuligeuza hili walikuwa Brooklyn, Marekani. Desemba 1899 walifungua jumba la watoto ndani ya nyumba kubwa ya zamani kwenye bustani, na linatajwa kuwa la kwanza duniani la aina hiyo. Mwaka 1902 akaingia mama mmoja, Anna Billings Gallup, mwalimu wa biolojia, akalikalia hadi 1937. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto lazima ajione ndiye mwenye nyumba, si mgeni. Watoto wakawa wanashika vitu na kutunza mikusanyiko yao wenyewe. Boston ikafuata 1913, ikianzishwa na walimu wa sayansi waliochoka kufundisha bila vitu. Halafu miaka ya 1960 pale Boston akaja mkurugenzi Michael Spock, ambaye alikuwa na shida ya kusoma tangu utotoni, akavunja kabisa ile sheria ya kutogusa. Alikata vitu katikati ili watoto waone kilicho ndani, hata barabara, wakaona bomba na nyaya zinazopita chini ya miguu yao. Mtu aliyeteseka na vitabu ndiye aliyeelewa kwamba mikono pia inasoma. Hiyo sehemu naipenda sana.

Lakini, na hapa ndipo wenzangu wa jengo wanaponikasirikia, Brooklyn ni mji. Boston ni mji. Mtoto anafika kwa miguu baada ya shule. Wazo la mikono lilikuwa sawa. Wazo la jengo lilifaa kwa sababu watoto walikuwa wameshakusanyika tayari.

Kwetu hawajakusanyika. Kwetu watoto wanafuata mifugo, mifugo inafuata nyasi, nyasi zinafuata mvua, na mvua inafuata mambo yake yenyewe. Ukijenga jumba Lodwar umewajengea watoto wa Lodwar. Nawapenda watoto wa Lodwar, nilikuwa mmoja wao. Ila usiniambie umehudumia Turkana.

Sasa sikieni habari ya Botswana, kwa sababu hii ndiyo iliyonimaliza.

Botswana ina ukubwa karibu sawa kabisa na Kenya, zote ni kilomita mraba 580,000 na ushee. Walipata uhuru 1966. Mwaka 1968, wakiwa bado maskini sana, walifungua makumbusho ya taifa pale Gaborone chini ya Alec Campbell, mtu aliyeizunguka ile nchi kwa miguu na kwa gari hadi akaijua kama kiganja chake. Tatizo lao lilikuwa wazi: hata watu milioni moja hawakuwa nao, na wengi walikuwa mbali na Gaborone, vijijini, kwenye malisho, pembeni mwa Kalahari. Jumba zuri mjini, wananchi porini. Mwaka 1976 wakafanya jambo ambalo likisemwa linaonekana rahisi. Walichukua lori, wakalipaka milia ya pundamilia, wakalipa jina Pitse ya Naga. Kwa Kitswana ndiye pundamilia mwenyewe, lakini ukilivunja neno ni farasi wa porini. Wakalitia vitu vya makumbusho, wakalipeleka kwenye shule za msingi za mbali.

Hebu mjiweke pale. Wewe ni mtoto wa darasa la nne kijiji ambacho gari likifika ni la polisi au la mahindi ya msaada. Unaona pundamilia mkubwa anakuja na vumbi. Anasimama shuleni kwenu. Wanashuka watu wanaoongea lugha yako, wanatoa vitu vya kuonyesha, wanazungumza na nyinyi juu ya wanyama, mambo ya kale, kazi za mikono, nchi yenu. Makumbusho ya nchi yamekuja kwako. Hukupanda basi. Hukuvaa viatu vya kuazima.

Na kuna hili: lori likienda kijijini linarudi na kitu. Ukikaa na wazee wa mahali unaambiwa pale kuna michoro ya miamba, huku kuna kisima cha zamani, yule mama bado anajua kufinyanga chungu cha namna fulani. Jumba la mjini husubiri vitu viletwe. Lori huenda linakouliza.

Botswana hawakuwa wa kwanza pia. Mwaka 1905 mji wa St. Louis, Marekani, ulichukua vitu vilivyobaki kutoka maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka uliotangulia, ukawa unavipeleka shuleni kwa gari la farasi. Mwalimu anaagiza, farasi analeta. India, mwaka 1965, jumba la sayansi la Kolkata lilipakia maonyesho ndani ya basi na kuanza kuzungukia shule za mashambani. Kwa hiyo mtu asije akaniambia hili ni wazo la vijana wa TikTok. Lina zaidi ya miaka mia moja.

Na hapa kwetu Kenya, nani alishafanya? Ngamia! Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa. Masanduku ya vitabu mgongoni, hema, mkeka chini ya mti, watoto wanakaa wanasoma, na baadaye msafara unarudi kubadilisha vitabu. Dunia nzima ilikuja kupiga picha. Sisi tuliona ni kitu cha kuchekesha, tukaendelea kuota majengo.

Najua mtakachouliza, kwa sababu mathe aliniuliza kabla yenu. Nilimpigia simu nikamweleza hili lote kwa furaha. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbuzi walikufa tukiwaangalia. Watoto wanaenda shule kwa sababu kuna chakula. Wewe unaleta mifupa?"

Sikuwa na jibu siku ile, na sitajifanya nilikuwa nalo. Ule ukame wa 2020 hadi 2023 mliusoma kwenye habari. Sisi tuliuhesabu kwa majina ya mifugo. Mtu akisema pesa zote ziende kwa maji na unga, sitasimama mbele yake na bango la makumbusho.

Lakini baadaye nilimrudia. Nilimwambia, mama, kama chakula ndicho kinachomleta mtoto shuleni, basi siku ya uji ndiyo siku ya lori. Hatuhitaji kumwita mtoto mahali pengine, tayari ameshafika. Na nikamwambia jambo lingine, ambalo huenda nilikosea kumwambia mama yangu kwa ukali ule: kwamba kila anayekuja Turkana kuleta msaada humfundisha mtoto kitu kimoja, kwamba kwao hakuna kitu. Vitabu vya shule vinasema kame. Habari zinasema njaa. Matangazo yanaonyesha mtoto na nzi. Na chini ya nyayo za huyo huyo mtoto, pale Lomekwi, mwaka 2011 yamepatikana mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita, na yalipotangazwa 2015 yalikuwa ndiyo vifaa vya kale zaidi kuwahi kujulikana duniani. Mtu anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka kilomita kumi kutoka hapo bila kuambiwa.

Mathe alinyamaza. Halafu akasema, "Hilo lori litakuwa na kivuli?" Kwa mama yangu hiyo ni ndiyo.

Kwa hiyo mpango wetu sasa hivi, au niseme mpango wangu na wa nusu ya kikundi, uko hivi. Lori moja, si kubwa, lile la kuvuka mchanga. Turubai pana la kivuli, mathe amelipitisha. Nakala za plasta za mifupa ya Turkana Boy, za urefu wake halisi, ili mtoto asimame kando yake wapimane. Mifupa yenyewe ibaki palipo salama, hilo silipingi. Nakala haina haja ya kioo. Ikivunjika tunamimina nyingine, na watoto waone inavyomiminwa. Mawe ya kugonganisha, mtu mzima akiwepo, kwa sababu ukitaka kujua mtu wa Lomekwi alikuwa na akili au hakuwa nayo, jaribu kutoa kipande chenye makali kwenye jiwe. Mimi nilijaribu nikaumia kidole na jiwe likabaki vile lilivyo.

Halafu vitu vya kwetu wenyewe, na vibaki mikononi mwa wenyewe. Ekicholong, kile kigoda cha mzee ambacho pia ni mto wa kulalia. Vibuyu vya maziwa. Bao la mashimo ardhini, ambalo halihitaji kupakiwa popote kwa sababu mashimo yanachimbwa pale pale. Kila tutakaposimama, wazee wawili watatu walipwe, nasema walipwe, waongoze. Sio kuitwa kucheza ngoma ya kukaribisha wageni kisha wapewe soda.

Na masanduku. Hili nimeliiba kutoka St. Louis. Lori likiondoka, sanduku moja linabaki kwa mwalimu mpaka lirudi. Likirudi linakuta watoto wameongeza nini.

Wenzangu wa jengo wana hoja nzuri moja, na ni haki niiseme. Lori huharibika. Jengo hata likikosa pesa linabaki limesimama, na mtu anaweza kulidai. Lori likikosa tairi linakuwa banda la kuku nyuma ya ofisi ya mtu, na sote tumeshaona magari ya miradi yakifa hivyo, na bendera ya mfadhili bado inaonekana mlangoni. Sina dawa kamili. Ninachojua ni kwamba dereva, fundi na mafuta lazima viandikwe kwenye bajeti kabla ya rangi ya nje. Tukipata pesa za lori bila pesa za miaka mitano ya kuliendesha, basi tusinunue. Hapo ndipo tumeafikiana hadi sasa, pande zote mbili. Lori lenyewe bado tunagombana lipakwe nini. Pundamilia wameshachukua Botswana. Mimi nimependekeza mamba, kuna msee anang'ang'ania ngamia.

Kamoya Kimeu alifariki Julai 2022. Alianza kazi hii 1960 kule Olduvai akiwa mchimbaji wa kuajiriwa, akaishia kupokea medali ya National Geographic mikononi mwa Rais Reagan mwaka 1985, na kuna nyani wawili wa kale waliopewa jina lake. Hakuwa na digrii. Alikuwa na macho na mazoea ya kutembea polepole akitazama chini. Ukinitajia kundi lingine la watu nchini Kenya wanaoamka asubuhi na kutembea polepole wakitazama chini, nitakutajia watoto wanaochunga mbuzi Turkana.

Ekai alirudi nyumbani mwisho wa Agosti. Wiki iliyopita nilipokea picha kwenye simu ya jirani, imetetemeka, kidole kimoja kimeziba kona. Kitu cheupe kimejitokeza kwenye mchanga wa lagga. Chini yake ameandika, "NIMEPATA." Nikampigia mbio. Nikamwambia asikitoe, sheria hairuhusu, aweke mawe manne kuzunguka kama alama na amwite mwalimu wake wa sayansi. Alifanya yote hayo. Jioni akanipigia.

"Mwalimu amesema ni mbuzi."

"Pole, ndugu yangu."

"Lakini amesema ni mbuzi mzee sana."